Mama Mkwe Nyuma ya Jiwe la Kasembe

Wewe unayeshika gazeti hili kwa mara ya kwanza, karibu, na pole pia, maana umeingia katikati ya balaa. Mimi ni Clovis, dereva wa pikipiki wa Kasongo, kijana mwenye afya na akili timamu, ambaye mikosi imemzoea kama ndugu wa nyumbani.

Kwa kifupi ni hivi. Nimemchumbia Célestine, binti wa Kalubi, kijiji kilichokaa begani mwa mlima Kasembe, mbele ya Kabambare. Kwao, kama kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawashikani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Ni heshima, nimelelewa nayo, na sina ugomvi nayo.

Ila wiki iliyopita niliwaeleza jinsi mvua ilivyotukuta sokoni Kasongo, nikapakia abiria aliyejifunika kitenge mpaka machoni, nikampeleka hadi kwa ndugu zake njia ya Nyangwe, naye amenishika kiuno safari nzima. Aliposhuka na kujifunua, nikamwona ni nani. Ndiyo, ni yeye. Jina lake silitaji hata hapa, kwa sababu gazeti hili linafika Kalubi. Linachelewa, lakini linafika.

Kesi ikakaa. Mbuzi wangu akachinjwa, akaliwa, na mimi sikuambulia hata kwato. Aliyefunga maneno ni papa Jean-Paul, mdogo wa marehemu baba yake Célestine, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ile nyumba. Alisema mbuzi ameosha kosa la kwanza. Nikimgusa mama mkwe tena, hakuna mbuzi wa pili: binti atabaki kwao, na mimi nitafute wakwe wengine.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa twende mlimani.

Siku chache baada ya kesi, alifika Kasongo mwanamke wa Lubumbashi, yaya Olga, yaani dada Olga, daktari wa meno, ambaye likizo zake zote huzimaliza kwa kupanda milima. Hafuati dhahabu, hafuati mgonjwa, haendi kuomba. Anapanda, anafika juu, anatazama, anashuka. Alikuja na viatu vizito, kamba ndefu ya rangi ya machungwa, hema linalokunjwa likawa dogo kama mkate, na filimbi shingoni. Wenzangu pale tunapoegesha pikipiki walimwuliza amepoteza nini huko juu. Akasema hajapoteza kitu, anataka tu kuona upande wa pili. Wakanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayemtibu.

Alikuwa anatafuta mtu wa kumfikisha Kasembe. Wenzangu walikataa kwa ajili ya barabara. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa ajili ya Célestine, ambaye sikuwa nimemwona tangu siku ya mbuzi. Niliwaza nitapita Kalubi nikiwa na mgeni, nitasalimia kwa adabu, Célestine ataniletea maji ya kunywa, nitakunywa taratibu, basi. Mpango mzuri kabisa. Mipango yangu yote huwa mizuri.

Tukapita Kabambare, tukaendelea mpaka barabara ikachoka yenyewe. Pikipiki tukaiacha kwenye uwanja wa kanisa chini ya mlima. Nikabeba saki ya yaya Olga, yaani begi lake la mgongoni, zito kuliko abiria wengi niliowahi kupakia.

Njia ya Kasembe inapita ubavuni mwa mlima. Mkono wa kulia mwamba umesimama kama ukuta. Mkono wa kushoto ni bonde. Njia yenyewe inamtosha mtu mmoja na kikapu chake. Hayo ya kulia na kushoto uyakumbuke, maana ndiyo yaliyonitesa.

Kabla hatujaanza, nilimweleza yaya Olga habari za mama mkwe. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Alipoona mimi sicheki, akafuta macho, akatazama ule ukuta, akatazama na lile bonde.

"Sasa ule mwenye kuacha njia, hapa anaendaka wapi?" akauliza.

Nikamjibu kwamba hilo kila mtu anajionea mwenyewe.

Ndipo akatoa shauri. Yeye atatangulia. Kila mama mtu mzima atakayemkuta anashuka, atamwuliza kama ndiye mama yake Célestine. Akiwa ndiye, atapiga filimbi, na mimi nitaacha njia mapema. Nililipenda shauri hilo, nikamshukuru, nikamwita dada yangu wa kweli. Kosa lake hatukuliona, si yeye wala mimi.

Tukapanda. Mimi ninayeendesha toka Kasongo mpaka Lusangi bila kushuka, nilikuwa ninahema kama mzee anayekimbiza kuku. Yaya Olga alinifundisha kupiga hatua fupi na kupumua kwa pua, kisha akanikimbia, akaniacha na saki yake. Kila nikiinua kichwa nilimwona mbele akipiga picha za mawingu.

Filimbi ikalia.

Nikatazama kulia: ukuta. Nikatazama kushoto: bonde. Lakini chini kidogo ya njia kulikuwa na jiwe kubwa kama kibanda, na nyuma yake pana tambarare ya kumtosha mtu kuchuchumaa. Nikaruka, nikajibanza, nikageuza uso kwenye jiwe. Nilijisifu sana. Nilisema moyoni kwamba papa Jean-Paul angeniona hapa angejua amepata mkwe.

Kumbe yaya Olga, kwa kuwa amelelewa vizuri, alikuwa ameshamwambia na mama mwenyewe: mama, mkwe wako anakuja nyuma yangu. Na mama akafanya anachofanya mama mkwe yeyote mwenye adabu, akaacha njia. Kulia ukuta, kushoto bonde. Yeye anaipita njia hiyo tangu usichana wake, na anajua kwamba sehemu yote ile pa kujificha ni mahali pamoja tu.

Nikasikia majani yanavunjika. Nikadhani ni mbuzi aliyepotea. Halafu kwa pembe ya jicho nikaona kitenge cha samaki wa buluu, kilekile cha siku ya mvua.

Nikavuta kofia usoni. Nikasikia naye anavuta kitenge kichwani. Tukabaki hivyo, mtu na mama mkwe wake nyuma ya jiwe moja, kila mmoja anamkimbia mwenzake na wote tumefika.

Nilitaka kuondoka, lakini njia ya kurudi ilipita alipo yeye. Naye kwa heshima alitaka kunipisha, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Kule nyuma hapakuwa na kitu.

Hakupiga kelele. Mama mkwe hapigi kelele mbele ya mkwe. Nilisikia tu kikapu chake kinabiringika, udongo unamwagika, halafu kimya. Nimepata hofu nyingi katika maisha yangu ya barabarani, lakini kama ile sijapata.

Nilichungulia. Naungama mbele ya wasomaji wote kwamba nilichungulia, ila nilitazama miguu tu. Alikuwa ameteleza mpaka kwenye kipande cha nyasi chini yetu, ameshika kichaka. Mguu mmoja ulielekea ambako miguu haielekei. Mbele ya mguu huo yalianza mawingu.

Sasa nimsemeshe vipi? Nyumbani mama mkwe akitaka kumwambia mkwe neno, anamtuma mtoto: mwambie huyo mtu hivi na hivi. Pale mtoto hakuwepo. Kulikuwa na saki. Nikaivua, nikaiweka ukingoni, nikageuza mgongo.

"Saki," nikasema, "uliza mama kama iko muzima."

Sauti ikapanda kutoka chini.

"Saki, ambia huyo mutu niko muzima. Ni mguu tu ndio umekataa."

"Saki, ambia mama asisogee. Iko kamba."

"Saki, ambia huyo mutu mi siko mbuzi ya kufunga na kamba."

"Saki, ambia mama mbuzi walishamukula."

Neno lilinitoka lenyewe. Nikatamani nilirudishe kinywani. Lakini chini kule nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: mama mkwe anacheka, kidogo, ndani ya kitenge chake.

Nikaitoa ndani ya saki ile kamba ya rangi ya machungwa. Yaya Olga alikuwa amenifundisha fundo la kujifunga kiunoni, basi nikaanza kulieleza kwa saki, kitanzi hiki kipite hapa, ncha hii irudi pale, mpaka mimi mwenyewe nikapotea. Mama akaiambia saki kwamba amefunga kuni mgongoni tangu huyo mtu hajazaliwa, na kwamba huyo mtu arushe kamba aache kuhubiri. Nikarusha kwa kupitisha juu ya bega, bila kutazama. Mara ya kwanza ikaenda hewani. Mara ya pili ikanaswa kichakani. Hatimaye nikasikia imeshikwa.

Nikaizungusha kwenye jiwe kama nilivyoonyeshwa, nikajifunga kiunoni, nikavuta nimempa mgongo, kama wale vijana wa Nyangwe wanaovuta mtumbwi kutoka majini. Kamba inakaza, mimi ninasogea. Kamba inalegea, mimi ninangoja. Alipanda kwa mguu mmoja na magoti, pasipo neno, mpaka nikasikia pumzi yake upande wa pili wa jiwe.

Sikumgusa. Uso wake sikuuona. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

Furaha hiyo haikukaa. Wingu lilipanda kutoka bondeni likatufunika, nikawa sioni hata njia niliyoiacha. Nikaita yaya Olga mpaka sauti ikakauka. Yeye alidhani tumeshapishana zamani, akajiendea zake Kalubi. Ikabidi tukae, mimi upande huu wa jiwe, mama upande ule, saki katikati. Baridi ya Kasembe haina huruma. Nikavua koti langu, nikalisukuma kwake kwa fimbo niliyokuwa nikipandia. Likavutwa pamoja na fimbo, likapotea nyuma ya jiwe.

Kisha mama akasema kwa sauti ndogo:

"Saki, ambia huyo mutu, siku ile ya mvua, mi nilimujua."

Nikaisogeza saki karibu, isije ikapitwa na neno.

Akaeleza yote, polepole, kama mtu anayechambua maharage. Kwamba siku ile alikuja Kasongo kwa ajili yangu. Kwamba aliuliza sokoni Clovis ni yupi, akaonyeshwa, akangoja mpaka mvua ianze ili apate sababu ya kujifunika.

"Mutu anakuja kuchukua mutoto yangu," akasema. "Siwezi kumuangalia, siwezi kuongea naye. Basi nitamujuaje? Nikasema nipande pikipiki yake, nione anaendesha namna gani."

Nilikasirika. Sitaki kuwadanganya, nilikasirika sana. Nilimkumbuka mbuzi wangu. Nilikumbuka nilivyosimama mbele ya Kalubi nzima, kichwa chini, huku yeye amekaa kimya chini ya kitenge. Célestine alilia siku ile. Nikaiambia saki imwulize mama, kwa nini hakusema.

"Saki, ambia huyo mutu niliogopa. Wangesema ni mi mwenyewe nimeharibu ndoa ya mutoto yangu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Hasira yangu haikuondoka, ila ilikaa chini, ikanyoosha miguu. Baadaye kidogo nikaona nitakufa nisipojua, nikaiuliza saki, je, mama alionaje huo uendeshaji.

"Kwenye mashimo alipita pole pole," akasema. "Alinivalisha koti yake, yeye akalowa. Na anaimba mubaya, lakini aliimba njia yote ili nisiogope."

Nikashukuru kwamba nimempa mgongo, maana macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Andikeni kwamba ilikuwa baridi.

Tukiwa katika hali hiyo, mvua ikaanza kule juu. Wingu likafunguka kidogo, nikaona maji yanashuka ukutani, yanavuka njia, yanakuja moja kwa moja kwenye tambarare yetu. Yalipita kwanza chini ya saki. Yakaanza kuchukua udongo tuliokalia. Mama akajaribu kusimama kwa fimbo yangu, nikasikia anaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Nikaiambia saki imwambie mama kwamba ninakimbia kuita watu Kalubi, avumilie.

"Clovis."

Hakusema huyo mutu. Hakupitia kwenye saki. Niligeuka kabla sijakumbuka kwamba sigeuki, nikamwona usoni. Ni uso wa Célestine kabisa, ila umefanya kazi nyingi zaidi.

"Clovis, maji haitangoja saki. Nibebe."

Nikamkumbusha alichosema papa Jean-Paul. Akasema alikuwepo, alisikia. Basi nikamwambia ana kwa ana, kama mtu asiye na malezi, kwamba nampenda Célestine, kwamba sina mwingine na sitafuti mwingine, na kwamba nikimweka yeye mgongoni nimeshampoteza binti yake.

Alinitazama, maji yanapita kati ya vidole vya ule mguu wake mbovu.

"Na ukiniacha hapa," akasema, "utamuambia Célestine nini?"

Nikapiga magoti, nikampa mgongo, safari hii si kwa heshima. Akanishika shingo. Saki nikaivaa kifuani. Nikapanda kutoka nyuma ya lile jiwe kwa mikono na magoti, nikaipata njia, na nilipogeuka kutazama, pale tulipokuwa tumekaa palikuwa na matope yanayotembea.

Nikaenda polepole, bega moja linakwaruza ukuta. Penye mawe ya kuteleza nilisimama kwanza, nikapapasa kwa mguu, ndipo nikapita. Nadhani hilo aliliona. Nilipozidiwa na woga nikaanza kuimba, na yeye hakulalamika.

Tulipokaribia kona ya mwisho kabla ya Kalubi, nikasikia filimbi. Yaya Olga akajitokeza mbio, uso unang'aa kwa furaha, anasema amefika kijijini, akaningoja, sikutokea, akaona kuna jambo, na sasa ametuletea watu. Alikuwa anajivunia kweli kweli. Sikupata hata nguvu ya kumkasirikia.

Wa kwanza nyuma yake alikuwa papa Jean-Paul na fimbo yake. Wa pili alikuwa Célestine.

Wote wakasimama. Célestine aliitazama mikono ya mama yake shingoni mwangu, kisha akanitazama mimi. Yaya Olga aliangalia huku na huku, akaishusha filimbi taratibu. Mvua ikaendelea na kazi yake.

Papa Jean-Paul alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Hakuuliza mguu umefanya nini. Hakuuliza kitu.

"Mushushe," akasema.

Nikaanza kuinama nimshushe, maana ni mkubwa aliyesema. Ndipo mikono iliyo shingoni mwangu ikakaza, na mdomo ukaja sikioni kwangu, karibu kabisa, bila saki.

"Usinishushe."